Majani ya Nesi

Petroli ilipopanda mara ya kwanza nililalamika kama watu wote. Ilipopanda mara ya pili nikamtukana mhudumu wa pampu, ambaye hakuwa na kosa lolote. Ilipopanda mara ya tatu nikanyamaza. Kupanda inajua, kushuka haikufundishwa, na matusi yangu yalikuwa yananichosha mimi peke yangu.

Mimi nakata majani ya watu. Nimeifanya kazi hii miaka ishirini na miwili, na kwa sababu hiyo wananiita Kinyozi. Wapo waliowahi kunisimamisha barabarani wakitaka niwapunguze nywele, nikawaambia walete kichwa nikipitishie mashine, waone. Nina pikipiki, nyuma yake tela, na ndani ya tela mashine ya kusukuma pamoja na ile nyingine ya kuning'iniza begani, ya kingo na mitaro. Vyote vinakunywa petroli. Mtu anayelisha walevi nyumbani kwake atanielewa.

Zamani tulikuwa wawili. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mke wangu, alishika mashine ya begani na mimi nikasukuma ile kubwa. Tulibishana kutwa nzima, juu ya mpira, juu ya wanasiasa, juu ya nani amesahau kufunga kifuniko cha tangi. Ilipopanda ile mara ya tatu akaja kuniaga, bila kuzunguka.

"Shemeji, hii kazi sasa tunaifanyia pampu. Mimi naenda kulinda ghala. Kule nikikaa nalipwa, nikisimama nalipwa, nikilala..."

"Ukilala unafukuzwa."

"Basi nitalala nimesimama."

Akaenda. Sikumlaumu, lakini nilichukia, na chuki yenyewe haikuwa na pa kwenda. Wiki ya pili nikajikuta nabishana na mashine juu ya mpira.

Wateja nao wakapungua. Wa karibu waliniambia nije mara moja kwa mwezi, kana kwamba majani yanasikiliza taarifa ya habari na yatapunguza kukua. Wa mbali nikawaacha mwenyewe, mmoja mmoja, kwa sababu petroli ya kufika kwao ilikuwa inameza kazi yote. Nikaacha shule ya watoto wadogo. Nikaacha zahanati. Nikaacha nyumba tatu zilizofuatana, ambazo zilinilisha miaka minane.

Aliyekuwa mbali kuliko wote ni Nesi. Nyumba yake iko upande wa pili kabisa wa mji, ukipita matanuri ya matofali, barabara inapogeuka vumbi. Ni nesi mstaafu, mama aliyekula chumvi ya kutosha, na ulimi wake bado una wembe. Mtu yeyote mwenye akili angemwacha yeye kwanza. Mimi sikumwacha.

Nitasema kwa nini, ingawa nina aibu kidogo. Kila Jumamosi ya pili, nikimaliza kukata, alikuwa akiniketisha barazani, ananimiminia chai, kisha analeta kipimo chake cha presha, kile cha zamani cha kupuliza kwa mpira wa mkononi. Ananifunga kitambaa mkononi, ananishika kiganja, anatulia.

"Kinyozi, chumvi!"

"Siweki, mama."

"Mwongo. Damu yako inakusema."

Mke wangu alifariki miaka minne iliyopita. Tangu siku zile za msiba, watu waliponikumbatia wakalia na mimi kisha wakarudi makwao, hakuna aliyenigusa isipokuwa yule mama. Watu wanakupa pesa kwa ncha za vidole, wanapokea chenji kwa ncha za vidole. Lakini mtu kukushika mkono na kuuacha mkono wake hapo, akihesabu taratibu, ni jambo jingine. Hatukujaliwa watoto. Kwangu kuna vyumba viwili na redio, na redio yenyewe haishiki vizuri. Kwa hiyo nilikuwa nachoma petroli kuvuka mji mzima ili nishikwe mkono. Anicheke anayetaka.

Yeye naye alikuwa peke yake. Wanawe wako mbali, wanamtumia picha za wajukuu ambazo lazima uzitazame zote kabla ya kupewa kikombe cha pili. Majani yale aliyapanda mumewe, aliyekuwa dereva wa gari la wagonjwa. Mwaka aliostaafu aliyapanda shina kwa shina, kwa kijiti na kamba ili mistari inyooke, akafariki kabla hayajaufunika uwanja. Nesi ndiye aliyemalizia kumwagilia. Hayakuwa ukoka sugu wa pembeni mwa barabara. Yalikuwa majani laini, ya kivivu, yanayotaka kubembelezwa.

Basi, miezi mitatu na nusu iliyopita, kiangazi kimekaza, niliegesha getini kwake, na mshale wa mafuta wa pikipiki ulikuwa umelala chini kabisa. Nikakaa juu ya pikipiki nikafikiri. Kuja kila wiki mbili kulikuwa kumenishinda, maji yalikuwa shingoni. Nikija kila baada ya wiki tano ningeweza. Lakini katika wiki tano majani yangefika magotini, naye angetafuta mtu mwingine, au wanawe wangemtafutia. Ndipo nikapata ujanja.

Kila mkata majani anaijua sheria moja: usichukue zaidi ya theluthi. Jani ndilo linalolisha mzizi. Ukilikata karibu na ardhi, mzizi unabaki na njaa, na jua linaupiga moja kwa moja. Kwenye mashine yangu kuna wenzo mdogo karibu na gurudumu, wenye namba moja mpaka tano, wa kushusha na kupandisha kisu. Kwa Nesi, miaka sita yote, wenzo ulikaa kwenye nne. Siku ile niliusukuma mpaka moja. Sikusahau, wala haukuteleza. Niliusukuma kwa mguu, nikijua ninachofanya, nikajiambia kwamba mara moja haitaua kitu.

Mashine ilikohoa vumbi. Nilipomaliza, uwanja ulikuwa mweupe.

"Kinyozi, leo umeninyolea kipara," akasema kutoka barazani.

"Yapumzike kidogo, mama. Yakikatwa hivi yanachukua muda kurudi. Nitakuja baada ya wiki tano."

"Wiki tano!"

 Alinipima presha, akaniambia habari za chumvi, akanisindikiza mpaka getini, jambo ambalo hakuwa na kawaida ya kulifanya. Mimi nikaondoka nikijiona mjanja. Nimebana petroli na mama sijampoteza.

Wiki tano zile zilikuwa ndefu. Jumamosi nilizozoea kwenda kwake nilinoa visu ambavyo vilikuwa vikali tayari.

Niliporudi nilijua kabla sijazima pikipiki. Uwanja ulikuwa na rangi ya mkate mkavu, na katikati, mahali jua linapokaa mchana kutwa, hapakuwa hata na rangi hiyo. Palikuwa udongo. Nesi alikuwa amesimama pale katikati, na ndoo tupu mkononi.

"Nimeyaua, Kinyozi," akasema.

"Umeyaua vipi, mama?"

"Niliyaona yamekosa nguvu. Na maji ya bomba siku hizi ni mara mbili kwa wiki. Nikawa naweka maji niliyofulia, jioni nayamwagia. Ni sabuni. Mtu mzima mimi, miaka thelathini na tano hospitali, sijui kwamba sabuni ni sumu?"

Maji ya kufulia hayaui majani. Angemwaga ndoo kumi, yasingekufa. Hilo nalijua kama ninavyolijua jina langu, na huenda maji yale ndiyo yaliyoyaweka hai siku chache zaidi. Kilichotakiwa ni sentensi moja tu kutoka kinywani mwangu.

"Ni sabuni, siyo?" akaniuliza.

Nikasema, "Labda, mama."

Alilia. Alilia ameugeuza uso pembeni, kimya kimya, kama mtu aliyezoea kulia kazini ambako wagonjwa hawatakiwi kuona. Akasema mumewe alikuwa akiyatembelea majani yale asubuhi kabla ya kunawa uso. Akasema, "Na mimi nimeyafulia nguo." Nilisimama pale na kofia mkononi, nikimtazama, na bado sikusema. Niliogopa. Nikisema ni mimi, atanifukuza, na nikifukuzwa pale sina pengine pa kwenda. Hiyo ndiyo ilikuwa hofu yangu yote, na siyo hofu ya mtu wa maana.

Sikuwa na cha kukata, lakini aliniketisha. Akanifunga kitambaa, akapuliza, akakunja uso.

"Imepanda. Usiyahuzunikie sana majani yangu, Kinyozi. Ni majani tu."

Alidhani namhurumia yeye. Ningeomba ardhi ipasuke, ila ardhi ile nilikuwa nimeshaifanyia mabaya ya kutosha.

Baada ya wiki mbili nilirudi na nikakuta mafundi wanapanga vitofali vya saruji uwanja mzima. Mwanawe mkubwa ndiye aliyewalipa. Nesi alikuwa amekaa barazani akiwasimamia, na tulilazimika kusemezana kwa sauti kubwa kwa sababu ya nyundo zao.

"Mwanangu anasema vitofali havifi."

"Ni kweli, mama."

"Sasa huna kazi hapa."

"Ndiyo, mama."

"Na petroli ilivyo."

"Ndiyo, mama."

Alinitazama, kama anayengoja niendelee. Nilitaka kusema nitakuja hata hivyo, kusalimia tu. Lakini nitakuja kama nani? Mwanamume mzima anavuka mji kwenda kukaa na mama wa watu, hana kazi aliyoitwa, hana undugu naye. Mkono mtupu haulambwi, ndivyo tulivyolelewa. Tena ningekaa vipi kwenye kile kiti, nikanywa chai yake, huku anajilaumu kwa kosa langu? Nikasema haya, kwaheri mama. Fundi mmoja akaniomba nisogeze tela apitishe mchanga.

Mwezi mzima sikusikia sauti ya mtu akiniita Kinyozi kwa namna ile ya kunigombeza. Nilikata majani ya wateja watano waliobaki. Wanne kati yao huacha malipo kwa mlinzi, kwa hiyo siwaoni. Nilikuwa narudi nyumbani mapema, na mapema yenyewe ilikuwa inaniumiza, maana jioni inakuwa ndefu na redio inakoroma. Nilikuwa mpweke, sina neno zuri zaidi la kuliweka hapo. Na upweke wa zamani nilikuwa nimeuzoea, huu mpya ulikuwa na mdudu ndani yake. Kila nikikaa, nilimwona yule mama na ndoo yake.

Siku moja nikapita ghalani kwa Shemeji. Nilimkuta amekaa getini na filimbi shingoni, amenenepa. Nikamweleza yote, wenzo, namba moja, sabuni. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo katika miaka yetu yote hakuwahi kulifanya.

"Yaani umemwacha bibi wa watu ajilaumu?"

"Nilishindwa kusema."

"Basi nenda ukamwambie."

"Ni mbali kule. Unajua petroli sasa hivi..."

"Petroli, petroli! Ukifa watu watakuta umeandika ni petroli. Shemeji, dada yangu angekuwa hai leo, angekutandika kwa ufagio mpaka ufagio uishe njiti."

Nilikasirika, nikamwambia arudi kulinda mifuko yake. Lakini kwa ile ya ufagio alikuwa na haki. Mke wangu hakuvumilia uongo hata wa umri.

Jumamosi iliyofuata tangi lilikuwa na petroli ya kazi ya Jumatatu tu. Nikaitazama pikipiki, nikapiga moyo konde, nikatoka kwa miguu. Nilitembea saa mbili na robo. Watu wa mitaa ile wamenizoea na kelele zangu, lakini siku ile hakuna aliyenitambua, hata mbwa hawakujisumbua. Nilipita zile nyumba tatu zilizofuatana. Mbili zimewekwa vitofali, ya tatu majani yamefika dirishani. Njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi ya maneno, na kila nilipoyarudia yalizidi kuwa mazuri na yalizidi kuwa ya uongo. Kwenye matanuri nikayaacha.

Nikagonga geti. Muda ukapita, kisha kidirisha cha geti kikafunguliwa, nikaona nusu ya uso wake, hana miwani yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani... Kinyozi? Pikipiki iko wapi? Wamekuibia?"

"Hapana, mama. Mama, si sabuni."

"Nini?"

"Majani. Hukuyaua wewe. Ni mimi. Nilishusha kisu mpaka chini kwa makusudi, ili yachelewe kuota, ili nisije kila mara. Petroli ilinishinda. Maji yako hayakuwa na kosa."

 Nilisikia anavyopumua upande wa pili wa bati.

"Ulijua siku ile nimeshika ndoo?"

"Nilijua."

"Nikakuuliza."

"Uliniuliza, mama."

"Usiku nilikuwa simwombi Mungu kwanza, Kinyozi. Nilikuwa naanza kwa kumwomba mume wangu msamaha." Sauti yake haikupanda hata kidogo, na ingepanda ningeumia nusu tu ya nilivyoumia. "Kwa nini hukuniambia petroli imekushinda?"

"Niliogopa utaniambia nisije tena."

"Ningekwambia uje kwa miguu."

 Miaka sita, na wazo hilo halikuwahi kunijia hata mara moja. Nilikuwa nimevaa viatu vyenye vumbi la saa mbili na robo, nimesimama palepale nilipodhani siwezi kufika.

"Leo sikufungulii," akasema. "Nimekasirika, na mimi nikikasirika nasema maneno makali ya hospitali. Nenda. Nikipoa nitakupigia."

"Mama, namba yangu huna."

Ni kweli, hakuwa nayo, wala mimi sikuwa na yake. Hatukuwahi kuzihitaji. Nilikuwa nakuja tu, na yeye alikuwa yupo tu.

"Ngoja," akasema. Akaenda, akarudi na kalamu na gazeti la zamani, akaliegemeza kwenye geti. "Itaje."

Nikaitaja. Akairudia polepole, anaandika pembeni mwa gazeti huku amelisogeza mbali na macho. Nilipotaka kuitaja tena akasema amesikia, yeye si kiziwi, akafunga kidirisha.

Leo ni siku ya kumi na tisa. Simu naichaji asubuhi na jioni. Naiweka mfukoni hata ninapokata, mfuko wa shati, ili nikiwa na mashine mkononi niihisi ikitetemeka kifuani. Juzi ilitetemeka nikaizima mashine katikati ya mstari. Alikuwa mtu anauliza bei, nikampa bei mbaya bila kufikiri.

Mwanzoni nilisema ni haki yangu, ana sababu ya kukasirika mwaka mzima. Siku ya kumi nikasema amenifuta. Leo asubuhi, naning'iniza kofia, nikakumbuka kwamba hakuwa na miwani. Aliandika tarakimu kumi zile kwenye gazeti lililojaa maandishi, jua likiwa machoni, na mimi nikaondoka bila kuhakikisha.

Kama ni hasira, nitaikuta getini, nitaipokea, nitageuka. Lakini kama ni namba tu aliyoikosea, basi huko nako kuna mtu anapiga simu kila siku, anashangaa kwa nini Kinyozi hapokei. Nimeshavaa viatu.